Kopo Lililorudi Tupu

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha watu biashara nilisimama mbele ya watu wazima kumi na wanane walioketi kwenye viti vya watoto wa chekechea. Chumba tulikuwa tumeazimwa huko Majengo, mchana watoto wakishakwenda kwao. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe na ya ndizi. Wanafunzi wangu magoti yao yaligusa videvu, na mmoja wao, fundi cherahani mwenye mwili wake, aliniomba ruhusa asimame kipindi kizima kwa sababu alihofia kukivunja kiti cha watu.

Nilishika chaki. Mara ya mwisho kuishika ilikuwa nikiwa kidato cha pili, na sikukimaliza. Mama yetu alifariki, mwaka haukupita baba akamfuata, na mimi nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Kwa hiyo sikuja kwenye kazi hii kwa mlango wa cheti. Mratibu wa mradi, Mtaita mmoja mpole ambaye kila sentensi aliipima kabla ya kuitoa, alikuwa mteja wangu wa bajia za kunde. Kwa muda mrefu alininunulia akiniuliza maswali, kwa nini leo ndogo, kwa nini nimehama upande ule wa barabara, mpaka siku moja akaniuliza kama ningependa kuyajibu maswali yale mbele ya watu.

"Sijasoma, Mratibu," nikamwambia.

"Najua. Usiwafundishe ulichosoma. Wafundishe ulichofanya."

Somo lenyewe liliandikwa kwenye karatasi kutoka makao makuu: Uvumbuzi na Ustahimilivu. Ustahimilivu nilidhani naujua, maana nilikuwa nimelea watoto watatu kwa karai moja la mafuta. Uvumbuzi sikuujua. Nilidhani ni mambo ya mitambo na watu wenye miwani. Siku ile ya kwanza nikaiweka karatasi kando, nikawauliza swali lililokuwa likinikera miaka mingi:

"Nani hapa amewahi kumwambia jirani yake kwamba mchuzi wake haukutoka vizuri?"

Walicheka mpaka viti vikalia. Hakuna aliyeinua mkono. Fundi cherahani akasema, "Mwalimu, mimi hata mke wangu sijamwambia, na huu mwaka wa ishirini."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia, na kwa miaka yote niliyofundisha sikutoka mbali sana na swali lile.

Nieleze kidogo kwa ninyi vijana mnaoingia kwenye ukufunzi sasa na vifaa vyenu vizuri. Kwenye kufundisha biashara kuna kitu kinaitwa jaribio la sampuli, yaani kumpa mtu kidogo cha bidhaa yako kabla hujatengeneza nyingi, ili ujue kama ataitaka. Vitabu vinasema umuulize mteja maoni yake. Lakini kwenye kisiwa hiki chetu ukimuuliza mtu maoni yake atakupa heshima yake. Utaambiwa mashallah, Mungu akubariki, nitapita inshallah. Mtu hakudanganyi. Anakuheshimu tu, na ukiichukua heshima ile ukaifanya ndiyo soko lako, utalia.

Mimi nilikuwa nimejifunza kusoma vyombo. Nilipokuwa nakaanga bajia nikilea wadogo zangu, mwezi wa Ramadhani nilipeleka sahani kwa majirani kama watu wote wanavyofanya. Na kama mnavyojua, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hutiwa chochote: tende, kipande cha halwa, ndimu mbili, hata chumvi kama hakuna kingine. Nilikuwa nikizipokea sahani zile nikishangaa mbona hazifanani. Sahani iliyojaa sana kila mara ilitoka kwa nyumba ambayo haikununua kwangu hata mara moja baada ya mfungo. Sahani iliyorudi mapema, mwenyewe kaileta, kitu kidogo ndani yake, na huyo mwenyewe akasimama mlangoni akauliza, "Mishi, umetia nini humu, mbona zauma ulimi?" basi huyo mwezi ukiandama alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Ilinichukua Ramadhani tatu kuelewa. Aliyependa ana la kusema, na mara nyingi ni la kulalamika. Ambaye hakupenda ana aibu kidogo, na aibu ile huitia ndani ya sahani.

Nikaifanya somo. Nikaliita kipimo cha chombo. Mwanafunzi anatoa sampuli kwenye chombo anachotaka kirudi, halafu hasikilizi sifa. Anaangalia nani amekirudisha, saa ngapi, kina nini, na ameuliza nini. Mratibu alilipenda, akaliandika kwenye ripoti zake kwa maneno marefu kuliko yangu.

Kutoka Majengo nilipelekwa Makupa, kwa akina mama waliokuwa wakipikia madereva wa malori. Msimamizi wa kule alikuwa mwanajeshi mstaafu, akipiga filimbi kuanza kipindi. Alinifundisha jambo moja tu lakini sijalisahau. Kila mwanafunzi aliyeacha kuja, Msimamizi alimfuata nyumbani kwake, na hakumuuliza kwa nini ameacha. Alimuuliza, "Siku ya mwisho uliyokuja, ulikuwa umekaa wapi?" Nilidhani ni wazimu wa jeshi. Baadaye nikaona kwamba karibu wote walikuwa wamekaa nyuma karibu na mlango, ambako kwa ngurumo za malori hakuna neno lililosikika. Tukauhamishia ubao ukuta wa upande wa pili. Tangu hapo mtu akishindwa jambo, kwanza namuuliza alikuwa amekaa wapi.

Kisha nikapewa kituo changu mwenyewe, Mji wa Kale. Tulikodi nyumba ya chini, ghala la zamani la mfanyabiashara wa viungo wa Kibohora ambaye sote tulimwita Seth. Darasa lilinukia hiliki na bizari, na wageni walipiga chafya siku mbili za mwanzo halafu wakazoea. Seth alikuwa hana cheo kwenye mradi, lakini ni lazima nimhesabu kati ya wakubwa wangu. Chini ya meza yake ya duka aliweka daftari aliloliita la hakuna. Kila mtu aliyeuliza kitu ambacho Seth hana, akamjibu hakuna, aliandika alichoulizwa. Nilimwomba alilete darasani. Likawa kitabu chetu cha kiada.

Huko ndiko nilikokutana na Kadzo, na huko ndiko nilikokosea.

Kadzo alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, Mgiriama, akiishi Majengo chumba kimoja na wadogo zake wawili, Neema wa darasa la saba na Karisa wa darasa la tatu. Wazazi wao wote wawili walikuwa wamefariki. Alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za Mji wa Kale asubuhi, halafu anaingia darasani kwangu mikono imekunjamana kwa maji. Baba yake mdogo, mkulima wa huko Kaloleni, alikuwa amempa mpaka mwisho wa muhula. Ikiwa hadi hapo hataona riziki ya kueleweka, Karisa angekwenda naye Kaloleni, na Neema angepelekwa kwa shangazi Malindi.

"Si mtu mbaya," Kadzo aliniambia. "Anasema ni kwa wema wao."

Niliyajua maneno yale. Mdogo wangu wa mwisho, Saumu, alichukuliwa na ndugu wa mama, akapelekwa Vanga, kwa wema. Alirudi baada ya miaka sita. Aliniita dada kwa adabu, kama mtu anavyomwita mwenye duka. Ni mtu mzima sasa, tunapigiana simu sikukuu, hatuna ugomvi. Lakini hatukukua pamoja, na jambo hilo halina pa kurekebishiwa.

Biashara ya Kadzo ilikuwa makaa ya vifuu. Vifuu vya nazi ni mali ya bure kisiwani. Kila nyumba inakuna nazi na kila nyumba inatupa. Aliviunguza ndani ya pipa lililozibwa hewa, akavitwanga unga, akachanganya na uji wa muhogo uwe gundi, akaufinyanga kwa kalibu, ambayo ilikuwa kipande cha paipu pana ya maji, kisha akayaanika juani siku nne. Yalitoka meusi, mazito, mfano wa maandazi ya mviringo. Darasa zima tuliyashika tukayageuza. Hata Seth alishuka kutoka kwake ghorofani kuja kutazama.

Tukafanya kipimo cha chombo. Makopo kumi ya maziwa ya unga, yamejaa makaa, kwa watu kumi wa Mji wa Kale, wengi wao wa nyumba alizofulia. Baada ya wiki Kadzo aliingia darasani na kapu, uso umefunguka vile sijawahi kuuona.

"Mwalimu, tazama. Yamerudi tisa, na hakuna hata moja lililorudi tupu."

Akayapanga mezani. Kaimati. Ndizi tatu. Halwa iliyofungwa vizuri kwenye karatasi. Kopo moja lilikuwa na kitambaa cha kichwa kipya kabisa. Yote yameoshwa yanang'aa.

"Wameuliza nini?" nikamwuliza.

"Hawakuuliza kitu. Wamesifu tu. Mmoja ameniombea dua."

Mimi ndiye niliyeitunga elimu ile. Nilikuwa nimeifundisha Majengo na Makupa, na mwezi ule ule nilikuwa nimeieleza ubaoni kwa michoro. Makopo tisa yale yalikuwa yakipiga kelele, na mimi nikayasikia vizuri. Lakini niliuangalia uso wa yule msichana nikamwona Saumu akipanda gari la Vanga ameshika kifurushi chake. Nikafungua mdomo nikasema:

"Hongera, mwanangu. Endelea."

Darasa likapiga makofi.

Aliendelea. Wiki ile ile aliacha kufua, ili siku nzima iwe ya makaa. Neema akitoka shule anatwanga, Karisa anakusanya vifuu. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia, kwa hiyo alianika haraka haraka popote palipokuwa na jua, mpaka juu ya paa la banda la jirani. Kila asubuhi nilimwona akipita mbele ya darasa na mkoba wa makaa begani, akielekea kwenye zile nyumba tisa, na mchana akipita tena na mkoba ule ule.

Nilijiambia huo ndio ustahimilivu. Wallahi nilijiambia hivyo. Nilisimama ubaoni nikawaambia wenzake wamwige.

Ni Seth aliyenisimamisha. Siku moja alikuwa mlangoni kwa duka lake akipepeta pilipili manga kwenye ungo. Kadzo alikuwa ndiyo kwanza apite. Seth akamsindikiza kwa macho.

"Mishi. Msichana huyu kila siku apita na mzigo mmoja. Asubuhi waenda, mchana warudi. Wewe huuoni?"

"Nauona, Seth."

"Na humwambii?"

"Nitamwambiaje?"

Akaendelea kupepeta. "Kwa mdomo," akasema.

Jioni ya siku hiyo, baada ya alasiri, nilitoka nikaenda Majengo. Ukumbi wa nyumba aliyopanga Kadzo ulikuwa umejaa magunia ya makaa pande zote mbili, mtu apite ubavuubavu. Alikuwa amekaa chini akigeuza makaa yaliyopata unyevu. Neema alinikaribisha mkeka, akanishika mkono, shikamoo mwalimu. Nikawaambia watoto waende wakanunue kitu dukani.

"Kadzo, makopo yale tisa hayakuwa habari njema."

Aliendelea kugeuza. "Najua. Nimekwisha kujua. Nikibisha hodi siku hizi wanamtuma mtoto aseme mama yuko kwenye sala. Saa nne asubuhi." Halafu akaacha kugeuza. "Wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Huko nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati.

"Mimi nilidhani mji huu mzima," akasema, "mtu wa kuniambia ukweli ninaye mmoja."

Ningeweza kumweleza habari za Saumu, lakini habari zile zilikuwa zangu, na aliyekuwa karibu kupoteza wadogo zake alikuwa yeye. Wiki tatu zilikuwa zimebaki kufika mwisho wa muhula. Nikaomba radhi. Akanipa maji ya kunywa, maana adabu ni adabu hata ukiwa umeudhika, na nikayanywa.

Nilipokuwa nikiyanywa nikakumbuka hesabu.

"Makopo yalikuwa kumi. Yamerudi tisa. La kumi liko wapi?"

"Lile limepotea. Nilimpa yule mzee wa kahawa, Mzee Shee. Nilipokwenda kulichukua alinitukana mbele ya watu."

"Alisemaje?"

"Kwamba makaa yangu hayana maana."

"La, niambie maneno yake. Alisema nini hasa, neno kwa neno?"

Akafikiri, uso umekunjika. "Alisema yanashika kwa taabu kama kuni mbichi. Na kwamba mimi bahili."

"Bahili kwa nini?"

"Kwa sababu nilimpa machache."

Tukatazamana. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Hayana maana," nikasema, "na ni machache."

"Yuko wapi saa hizi?" akauliza Kadzo, na alikuwa amekwisha kusimama akitafuta viatu.

Mzee Shee tulimkuta anapokaa siku zote, kwenye baraza la nyumba moja ya mawe karibu na msikiti, akipangusa vikombe vyake. Kwa mgeni wa mji wetu nieleze kwamba muuza kahawa huzunguka na dele, birika refu la shaba, na chini yake hubeba kijiko cha moto, kibebeo kidogo cha makaa, ili kahawa isipoe akitembea. Mkono mmoja dele, mkono mwingine vikombe, akivigonga vilie watu wamsikie. Nilimwamkia masalkheri, nikamwuliza hali, watoto, mguu wake. Akajibu yote kwa utaratibu. Kisha akamgeukia Kadzo.

"Na wewe wa makaa. Umerudi kunipa hayo yako ya ubahili?"

"Nimekuja unieleze ubaya wake, babu," akasema Kadzo, akaketi chini ya baraza. "Wote."

Mzee akamtazama kwa shaka, kama mtu aliyealikwa ghafla kwenye karamu. Kisha akaanza, na hakuacha. "Makaa gani haya? Wayawasha, wachukua udhu, waingia msikitini, wasali, watoka, hayajashika. Mtu angekuwa na mgonjwa ataka chai angekufa. Na makubwa mno, hayaingii kwenye kijiko changu, nimeyavunja kwa jiwe mpaka kidole changu hiki, ona."

"Na yakishashika, babu?"

"Yakishashika?" Akapunguza sauti, kama asiyependa kukubali. "Yakishashika hayazimiki. Natoka hapa, nashuka mpaka ngomeni, nazunguka forodhani, narudi, moto ungalipo. Haya ya kawaida sharti nibebe mengine mfukoni ya kuongezea njiani. Nayashika kwa mkono, mkono wawa mweusi, na kwa mkono huo huo nampa mtu kikombe. Watu waona, wanyamaza. Hawaniambii. Lakini naona wavipangusa vikombe."

Tulikuwa tunalisikia jambo ambalo hata sisi tusingelijua kuliuliza.

"Kopo langu je, babu, mbona hukulirudisha?"

"Nilirudishe na nini? Sikuwa na kitu cha kulitia, nami siwezi kumrudishia mtu kopo tupu. Halafu nikilirudisha, wewe utaniletea mengine kwa chombo gani?"

Kadzo alicheka. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, na Mzee Shee akaniuliza mimi kama msichana huyu ni mzima.

Zile nyumba tisa zilikuwa zinapika chai ya asubuhi, watoto wamevaa sare, kila mtu ana haraka. Nyumba ile inataka moto wa sasa hivi. Makaa ya Kadzo hayakuwa mabaya. Yalikuwa yamekaa karibu na mlango, kama angesema Msimamizi wa Makupa. Kesho yake Kadzo alikata paipu nyembamba akafanya kalibu ndogo, na kwa ushauri wa mzee akatia kijiti katikati ili kila kaa liwe na tundu la kupitisha hewa, lishike upesi. Alivunja makaa ya magunia yale yote akatwanga upya. Alifuatana na Mzee Shee kwa miguu siku tatu, hatua kumi nyuma yake, akitazama moto tu. Alirudi darasani na maswali mengi kuliko majibu, na moja sikuwahi kulipatia jawabu: kwa nini kaa lililoanikwa kivulini linadumu kuliko la juani.

Wauza kahawa wana lugha yao ya vikombe na habari kwao hazikai. Baba mdogo alipofika kutoka Kaloleni mwisho wa muhula, nilikuwepo, maana Kadzo aliniomba niwepo. Wanunuzi walikuwa watatu tu, wote wauza kahawa, na ukumbi bado umejaa. Baba mdogo aliketi kwenye mkeka, mtu mwembamba mwenye kofia mkononi, akatazama magunia, akatazama watoto. Ilikuwa kwangu kama siku ile ya gari la Vanga.

Kabla hajasema la kusema, Mzee Shee alitokea mlangoni akihema, kaja kwa tuktuk.

"Wewe msichana. Jana umesema asubuhi. Hii ndiyo asubuhi yenu Majengo? Nina dele baridi kule, watu waniuliza kama nimefiwa."

Kadzo akaomba radhi, akamjazia mfuko. Mzee akachagua moja moja, akarudisha mawili aliyodai yana ufa, akaondoka akinung'unika. Baba mdogo akamgeukia Kadzo.

"Huyu mzee mna ugomvi gani?"

"Si ugomvi, baba," akasema Kadzo. "Ni mteja."

Baba mdogo akaligeuza kaa moja kiganjani, akalipuliza lile tundu. "Hivi ni vifuu tu?"

"Vifuu tu."

"Sisi kule tunavitupa," akasema, kama anayejisemea.

Hakutoa jibu siku ile. Alimchukua Karisa kwa likizo, na Neema akabaki. Likizo ile ilikuwa ndefu kwa Kadzo, na nakiri hata kwangu. Shule zilipofunguliwa baba mdogo alikuja mwenyewe na gari la mizigo la jirani yake, Karisa amekaa juu ya magunia ya vifuu, mweusi uso mzima kwa vumbi. Walishusha magunia, wakamshusha na mtoto. Hakumchukua tena.

Baada ya hapo niliweka sheria darasani kwangu ambayo baadhi ya watu waliiona ni ukosefu wa adabu. Kwenye darasa hili, nilisema, chombo kinarudi kitupu, na anayekirudisha anasema kasoro moja. Akikosa kasoro, arudi nacho mpaka aipate. Mwanzo walitaabika sana. Mama mmoja alirudisha bakuli la mwenzake mara nne akisema ni tamu tu. Mara ya tano akaligonga mezani akasema, "Haya basi, ina mchanga," na mwenye bakuli akamkumbatia.

Mkurugenzi kutoka makao makuu alitutembelea mwaka uliofuata. Alikuwa na fomu za tathmini, zile zenye nyuso, uso unaocheka, uso wa wastani na uso ulionuna, mwanafunzi atie alama. Akaniita kando.

"Mwalimu Mishi, vituo vyote wamecheka. Chako peke yake kina nyuso zilizonuna. Kuna tatizo?"

"Wameandika na sababu, Mkurugenzi?"

Akageuza fomu. Nyuma zilikuwa zimejaa maandishi, mpaka pembeni. Mmoja alilalamikia bizari, mwingine viti, mwingine kwamba mwalimu anauliza sana kabla hajajibu. Mkurugenzi alisimama akasoma zote, na gari lake likimngoja. Fomu za mwaka uliofuata zilikuwa na nafasi kubwa ya kuandika, na nyuso zimeondolewa.

Nilistaafu mwaka jana. Waliniaga vizuri, kwa sinia za pilau na kanga doti nyingi kuliko ninavyoweza kuvaa. Nyumbani kimya kinanishinda, kwa hiyo nimeanza kutengeneza achari ya ndimu. Mtu akiniuliza leo uvumbuzi ni nini, bado sina maneno ya karatasi ile. Naweza kusema tu kwamba kwa miaka ile yote nilidhani kustahimili ni kuendelea kubeba mzigo. Sasa naona aliyestahimili zaidi kati yetu ni yule aliyeketi chini ya baraza akasema, nieleze ubaya wake wote.

Nilipeleka achari yangu ya kwanza kwa watu wanane, kwenye makopo. Nilijua ninachokifanya, lakini nawaambieni, kujua hakupunguzi. Makopo yalianza kurudi. Tende. Visheti. Kopo moja lina udi wa bei. Niliyapanga dirishani nikayatazama moyo ukinishuka, nikajiambia labda watu wa umri wangu hupewa zawadi tu.

Alasiri ya siku ya tano kukabishwa hodi. Ni Kadzo, ametoka kwenye karakana yake, ana vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Neema anafundisha Kilifi sasa, na Karisa ndiye anayeendesha pipa. Aliniamkia, akaniuliza hali, akaniuliza mgongo, yote kwa taratibu yake. Kisha akatoa kopo mkobani akaliweka mbele yangu. Lilikuwa tupu. Hata kuoshwa halikuoshwa.

"Chumvi imezidi, mwalimu," akasema. "Na ndimu umezitoa juani mapema, ganda lingali gumu. Karisa limemkwama menoni."

Nikavuta mkeka.

"Kaa," nikamwambia. "Na nini tena?"